Maombi Juu ya Mashine ya Msasa

Juzi nilipitia kwa fundi wangu wa mbao pale Makutano nikamkuta akijaribu mashine mpya ya kupiga msasa. Ni ndogo, inatosha juu ya benchi, lakini rola yake iliyovikwa msasa hula mbao ngumu kama mahindi mabichi. Alikuwa amefungua kifuniko tuione ikizunguka, mara stima ikapotea na rola ikasimama.

"Afadhali," akasema akijifuta jasho. "Hii kitu naiogopa. Wacha kwanza pasta aiombee."

Pasta alipofika, mke wa fundi akiwa nyuma yake, alikunja mikono ya koti. "Wekeni mikono hapo juu, tufunge macho."

Tukaweka. Kiganja changu kililala juu ya rola yenyewe, inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Pasta alikuwa ameanza kukemea ajali nilipokumbuka kwamba fundi hakuzima swichi. Nitoe mkono katikati ya maombi, watu waseme nina mapepo? Nikauacha palepale.

Ghafla kinu cha unga cha jirani kikanguruma. Stima imerudi! Nikapiga nduru, sote tukaruka nyuma, pasta akitutangulia.

Mashine ilikuwa kimya. Mke wa fundi alisimama kando ya ukuta, plagi mkononi.

"Endeleeni kuomba," akasema. "Mimi nimeishika hapa."

Tukamalizia mikono ikiwa mfukoni, na hata pasta hakufumba macho. Lakini mpaka leo huvihesabu vidole vyangu: nilijua swichi haikuzimwa, nikaona aibu kutoa mkono kabla ya amina.