Pole, Mwalimu

Kwenye duka la mitumba pale St Marys, huku ughaibuni tunakoishi, nilifungua riwaya moja kuukuu, ikanuka tumbaku ya kiko. Nikageuza jalada. Mtunzi alikuwa yule Mwingereza aliyetufundisha Kiingereza shule ya msingi.

Mchana alifundisha, jioni aliandika. Asubuhi moja aliingia darasani na bahasha nene, akatuambia, kama anayesema mvua imenyesha, kwamba wachapishaji wa London wamekikataa kitabu chake.

"Pole, mwalimu," tukasema darasa zima.

"Pole ya nini? Kwani ni ninyi mlionikatalia?"

Hakuna aliyecheka. Msichana wa dawati la mbele akasimama. "Hapana, mwalimu. Tunakupa pole ili usiubebe mzigo peke yako."

Mwalimu akatugeuzia mgongo, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Riwaya niliyoishika ilikuwa ya Kiingereza tupu, ila ukurasa mmoja wa msiba, ambapo jirani anamwambia mjane neno moja tu: pole. Mwalimu hakulitafsiri.

Binti yangu alikuwa anasoma akichungulia juu ya bega langu.

"Mum, what's pole?"

Nikalitafuta kwa Kiingereza. Sikulipata.