Kondoo wa Ardath na Kura ya Watu Wote

Kabla ya Ardath Mattingly, hakuna mwanamke aliyesimama kwenye jiko la matofali la kuchomea kondoo hapa mjini Whitlow. Wanawake wa parokia walikuwa na meza yao upande wa pili wa uwanja, na viazi vyao vilivyochanganywa na mayai, na keki zao za matunda. Moto ulikuwa wa wanaume. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu zetu walipoanza kuchoma kondoo huku magharibi mwa jimbo la Kentucky, na hakuna aliyeona sababu ya kuuliza.

Baba yake Ardath, Mzee Aloysius Payne, ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa parokia yetu ya Mtakatifu Gertruda. Alikuwa mkulima wa tumbaku, na mwaka mmoja alianguka kutoka juu ya banda la kukaushia majani, akaumia mgongo. Mwezi wa tano ulipofika, tamasha la mji likiwa mlangoni, hakuweza hata kuinama kufunga viatu. Wanaume wakawa wanatazamana, nani atashika nafasi yake. Ardath, aliyekuwa ameolewa mwaka uliotangulia, akachukua dekio jipya la nyuzi za pamba, ambalo wapishi wetu hulitumia kupakia mchuzi, akalichovya kwenye ndoo ya mchuzi mweusi wa siki, ndimu na pilipili manga, akaanza kuwapaka kondoo kama alivyomwona baba yake akifanya tangu utotoni.

"Ardath, mwanangu," mzee mmoja akamwambia, "moto huo utakuchoma nyusi."

"Zitaota tena, mzee wangu. Sogea kidogo, unanizibia upepo."

Nyusi ziliungua kweli. Lakini nyama ile ilipofika mezani, watu walinyamaza, na watu wa kwetu hawanyamazi wakila. Kuanzia hapo jiko likawa lake. Mimi nilikuwa mkata kuni wake kwa miaka mingi, kuni za mti wa hikori tu, maana kuni nyingine hakutaka hata zipite karibu. Nimemwona katika mvua, katika joto, akiwa na mimba ya mapacha, na sijawahi kumwona akimwachia mtu dekio lile. Tunachoma kondoo jike wazee, nyama ngumu yenye harufu yake, na aliyezoea mwanakondoo laini hawezi kuelewa kazi iliyopo. "Kondoo mzee halainiki kwa kubembelezwa," Ardath alikuwa akisema, "analainika kwa kungojewa."

Alishinda kikombe cha tamasha, kinachoshindaniwa na wapishi wa parokia zote, mwaka baada ya mwaka. Vikombe alivipanga juu ya friji, na mgeni akiingia jikoni kwake alipewa kiti kinachotazama friji. Alikuwa na majivuno, sisi tuliompenda hatukuficha hilo. Alitembea kama mtu anayebeba ndoo kichwani, shingo imenyooka, hata akienda tu kununua unga.

Sasa, vikombe vile vilitolewa na waamuzi watatu: meya, daktari wa mifugo, na mwenye gazeti la mji. Walikaa jukwaani chini ya mwavuli, kitambaa cheupe mezani, wakaletewa nyama ya kila parokia, wakatafuna huku wamekunja uso, wakaandika. Sisi wengine tulisimama juani tukiwatazama wakila. Baadaye tulinunua sahani zetu, tukala, tukasema tulichosema, na maneno yetu yakaishia hewani pamoja na moshi.

Mpinzani mkubwa wa Ardath alikuwa Cletus Hagan, mpishi wa parokia ya Mtakatifu Vinsenti, ng'ambo ya kijito. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye ulimi mkali kuliko siki. Siku moja ya baridi walikutana kwenye duka la vyakula vya mifugo, tukiwa wengi tumezunguka jiko la kuotea moto.

"Bi Ardath," Cletus akasema, "nasikia umenunua friji kubwa zaidi ili vikombe vipate pa kukaa."

"Wewe friji yako ina nafasi, Cletus. Nikuazime kimoja?"

Watu wakacheka. Cletus naye akacheka, kisha akasema polepole, "Hapana, mama. Mimi nikishinda nataka kushinda kwa watu. Wewe unapewa na watu watatu, wawili kati yao wameoa kwenu. Wangekupa kikombe hata ungewachemshia soksi."

Hakuna aliyecheka. Jambo lilikuwa la kweli. Meya alikuwa ameoa dada wa mama yake Ardath, na mwenye gazeti alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Sisi sote tulilijua hilo, ila hapakuwa na aliyewahi kulisema mbele yake. Ardath alilipia gunia lake la chumvi ya ng'ombe, akatoka bila kuaga. Mumewe, Ottis, aliniambia kwamba jioni ile mkewe alikaa jikoni akivitazama vile vikombe kama mtu anayewatazama wageni asiojua waliingiaje.

Kamati ya tamasha ilipokutana, Ardath akasimama kabla kikao hakijafunguliwa vizuri.

"Mwaka huu waamuzi waache kitambaa chao nyumbani," akasema. "Watu wote waonje. Watu wote wapige kura."

Mwenyekiti, Bwana Thurman Boarman, akavua miwani. "Bi Ardath, kila mtu atapigia parokia yake. Na Gertruda mna watu wengi kuliko wote. Utakuwa umejipa kikombe mwenyewe."

"Ndiyo maana anataka!" Cletus akadakia kutoka nyuma.

"Nani amesema watajua wanakula cha nani?" Ardath akamgeukia. "Nyama zote zikatwe sawa, ziwekwe kwenye masufuria yanayofanana, ndani ya kituo cha zimamoto, mbali na majiko yetu. Kila sufuria na rangi yake. Mtu anaonja zote, anapewa punje moja ya mahindi, anaitumbukiza kwenye kopo la rangi aliyoipenda. Basi."

"Na nani atajua rangi ipi ni ya nani?"

"Mchungaji Stovall wa Wamethodisti. Ndiye mchungaji pekee mjini asiye na kondoo motoni."

Hata Cletus alicheka. Hoja ikapita.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi yenye jua zuri. Tangu alfajiri moshi ulikuwa umelala barabarani kama ukungu, na ilipofika saa ya kuonja, foleni ilianzia kituo cha zimamoto ikapita posta ikakunja kona. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kuona watu wakila kwa uangalifu namna ile. Walioona kondoo ni kondoo tu, sasa walifumba macho. Mkulima mmoja alirudi kwenye sufuria la kijani mara nyingi mpaka mkewe akamvuta shati: "Wewe, umetumwa kuonja, si kushiba!" Kina mama waliokuwa hawajawahi kuulizwa lolote kuhusu moto walisimama wakibishana. "Hii imezidi siki." "Siki gani, hiyo ni ndimu." "Basi ndimu imezidi." Muuza viatu alishika punje yake hewani mpaka walio nyuma wakampigia kelele: "Tumbukiza, bwana, unachagua nyama, si mke!"

Ardath naye alipanga foleni. Aliitambua nyama yake mara ilipogusa ulimi: ilikuwa kwenye sufuria jekundu. Akatumbukiza punje, akasogea kando, shingo imenyooka.

Hapo ndipo Mama Eulalie alipoingia.

Huyu alikuwa mama mkwe wake, mama yake Ottis, bibi wa umri wa kushikwa mkono lakini asiyetaka kushikwa. Alikuwa amekula kondoo wa Gertruda tangu enzi za farasi, na alijigamba kwamba angemtambua hata akiwa usingizini. Alionja sufuria la kwanza, akatikisa kichwa. La pili, vivyo hivyo. Alipofika kwenye la njano akasimama. Akatafuna. Akaonja tena. Uso ukamng'aa kama wa msichana.

"Hii hapa!" akapaza sauti. "Hii ndiyo yetu! Gertruda, mnanisikia? Njano ni yetu!"

Akatumbukiza punje yake, kisha badala ya kwenda kukaa, akaanza kutembea kwenye foleni akigonga watu mabega kwa kitambaa chake. "Wewe ni mtoto wa Bernadine, sivyo? Njano. Na wewe, Hayden, njano. Usiniaibishe."

Nilikuwa nimesimama karibu na Ardath. Nilimwona akivuta pumzi, mdomo ukafunguka. Neno moja tu lilihitajika: Mama, siyo hiyo. Lakini neno hilo lingekuwa kuwaambia watu iliko nyama yake, na kanuni ile alikuwa ameitunga mwenyewe.

"Bi Ardath," nikamnong'oneza, "nenda ukamzuie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie anyamaze tu."

"Mtu akisikia namnyamazisha, atajua njano siyo yetu. Itakuwa ni yale yale aliyosema Cletus." Akafunga mikono kifuani. "Mwache mama ale kwa amani."

Akabaki pale, akiwaona majirani zake, wajomba zake, wanakwaya wenzake, wakipita mmoja mmoja kuinyima nyama yake kura kwa ajili ya mapenzi waliyokuwa nayo kwake. Wengine walimkonyeza wakipita. Aliwajibu kwa kichwa.

Makopo yalifunguliwa mbele ya watu wote, punje zikamwagwa mezani na kuhesabiwa. Njano ilizishinda rangi nyingine kwa mbali. Mchungaji Stovall akafungua karatasi yake, akakohoa, akasema, "Njano ni Mtakatifu Vinsenti."

 Ng'ambo ya kijito yote ikalipuka kwa kelele, na sisi wa Gertruda tukageuka kumtazama Mama Eulalie, ambaye alikaa chini mahali pasipokuwa na kiti. Ottis akamdaka.

"Tumejichinja wenyewe!" mtu akalia. Wengine wakamzunguka Bwana Boarman wakitaka kura irudiwe, na yeye, mtu wa kupenda amani, akamgeukia Ardath. "Ukitaka, tunaweza kurudia. Kila mtu ameona kilichotokea."

"Watu wameonja, wamepiga kura, imehesabiwa," Ardath akajibu. "Hakuna kurudia."

Baadaye, watu walipotawanyika kwenda kwenye muziki, Cletus alikuja kwenye jiko letu na kikombe mkononi. Hakuwa na uso wa mshindi.

"Naambiwa nusu ya kura zangu zimetafutwa na mama mkwe wako."

"Zimetoka kwa watu waliokula."

"Mimi sitaki kikombe cha mdomo wa bibi. Chukua." Akakinyoosha.

Ardath hakukigusa. "Sikiliza, Cletus. Mama amekula kondoo wetu tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Amekula wa baba yangu, amekula wangu. Leo amewekewa nyama zote bila majina, na akaona iliyo tamu kuliko zote lazima iwe ya nyumbani. Alichagua yako. Hakuna aliyemtuma. Mimi waamuzi watatu hawajawahi kunipa kitu kama hicho. Kwa hiyo shika kikombe chako na usinitie hasira."

Cletus alikishusha taratibu. Ardath akamwomba kipande cha nyama yake, na Cletus akaenda mwenyewe kumletea. Akaila akiwa amesimama, bila haraka, bila mchuzi.

"Moshi umeingia mpaka ndani," akasema mwishowe. "Ni nzuri."

Niliona masikio ya Cletus yakibadilika rangi. Alivua kofia, kitu ambacho hakuwa amekifanya hata alipopewa kikombe.

Mwaka uliofuata kukawa na kanuni mpya: anayeonja haruhusiwi kusema rangi ya kitu chochote, hata gari la zimamoto. Wakashinda watu wa parokia ndogo ya kule bondeni, ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu, na mpishi wao alilia hadharani kama mtoto. Ardath alitoka wa pili. Ottis alidhani atavunjika moyo, lakini alimkuta akipima chumvi upya, akionja, akimwaga, akirudia. Hapo zamani alikuwa anawapikia watu watatu ambao alijua wanapenda nini. Sasa alikuwa anapikia mji.

Mwaka wa tatu, Mchungaji Stovall alipofungua karatasi yake, alisoma: "Mtakatifu Gertruda."

Nimesema Ardath alikuwa na majivuno. Siku hiyo hakutembea kwa shingo iliyonyooka. Alitembea ameinama kidogo, mikono imefunika mdomo, na watu wa parokia zote walikuwa wanampisha huku wakipiga makofi, Wamethodisti, watu wa ng'ambo ya kijito, hata watalii waliokuja kwa basi na hawakumjua. Cletus ndiye aliyemshika mkono kumpandisha ngazi. Mwenye gazeti alipomuuliza anajisikiaje, alisema, "Miaka yote ile nilishinda bila kujua kama najua kupika. Sasa nimejua." Gazeti liliandika hivyo hivyo, na sisi tukalikata na kulibandika ukutani ukumbini mwa parokia, na hapo lipo hadi leo.

Alasiri ile, nyama ikiwa imekwisha na makaa yanafifia, Mama Eulalie alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai kando ya jiko, miguu juu ya gogo la hikori.

"Leo sikusema neno lolote," akasema. "Mmeniona?"

"Tumekuona, mama," Ardath akajibu.

"Na hamniulizi niliweka wapi."

"Hatuulizani, mama. Ndiyo kanuni."

"Vizuri," bibi akasema, akafumba macho. "Maana nisingekuambia."

Ardath akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso mweusi kwa masizi, huku Ottis na mimi tukianza kuvunja jiko na kupakia matofali garini.