Nilivyomchezea Rede Mzee wa Besiboli

Jamani, hili nalisimulia huku nimeziba uso, maana hapa Downsview, huku ughaibuni tunakoishi, kuna wazazi ambao mpaka leo wakiniona wanajikinga kichwa.

Mwanangu Neema, miaka kumi, anapenda besiboli kuliko chakula. Sasa kuna mzee mmoja, tumwite Mzee Ramoni, alicheza besiboli ya kulipwa miaka na miaka, kazi yake kusimama nyuma kabisa uwanjani kudaka mipira inayoruka mbali, mpaka bega likamkatalia akastaafu, na siku hizi anafundisha watoto. Jumamosi ile alikuwa anachagua watoto kumi na wawili tu wa timu yake, na Neema wiki nzima hakuongea lingine.

Watoto walipopumzika, mzee akasema wazazi nao wacheze kidogo, yeye akiwemo, akauliza nani atasimama kule nyuma. Mkono wangu huo juu (kiherehere hakina dawa). Neema akaninong'oneza, "Mum, please," nikamwambia atulie, mama yake alikuwa bingwa wa rede shule ya msingi kule Morogoro, ule mchezo wa kumlenga mtu kwa mpira, na nikikulenga hukwepi.

Mzee akapiga mpira, ukapaa, ukaja kwangu, ukadunda mara moja nikaudaka, ee bwana, mwili mzima ukasisimka, miaka ishirini ikafutika hapo hapo! Wenzangu wanapiga kelele nirushe, nirushe, na mbele yangu mzee, kwa kuwa ndiye aliyepiga, anakimbia kituo hadi kituo, zile alama nne za uwanjani, hana habari. Kwenye besiboli (nimekuja kuambiwa baadaye) unamrushia mwenzako aliyesimama kituoni, lakini kwenye rede unampiga anayekimbia, basi nikavuta mkono nyuma nikamtandika mzee wa watu kwenye lile bega lake bovu.

Akaanguka. Na mimi, hapa ndipo aibu yenyewe, nikaruka juu nikishangilia, "Auti! Katoka!", nikakata na mauno kidogo, mpaka nikagundua nashangilia peke yangu.

Nikakimbia kumwomba radhi, shikamoo zikanitoka tatu mfululizo kwa mtu asiyejua neno la Kiswahili, nikamshika bega akaguna zaidi. Kugeuka, Neema amejifunika uso kwa glavu, mabega yanatikisika. Raha yote ikaniisha, nikajua nimemharibia mtoto. Nikamwambia mzee kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba kosa ni langu, mtoto hana hatia.

Mzee akainuka taratibu, akajipangusa nyasi, akaniangalia weee.

"Mtoto namchukua," akasema. "Ila wewe mama, utakuwa unabaki kwenye gari."

Watu wakaangua kicheko, Neema akacheka huku analia, na mimi nikaitikia ndiyo kabla hajabadili mawazo.

Kiherehere nimeacha, jamani. Kila Jumamosi nampeleka, naegesha, napandisha vioo, mikono magotini, na mpira ukiruka uzio ukaja upande wangu siugusi, napiga honi mzazi mwingine aje auokote.