Ripoti Husomwa Mtoni Kwanza

Mkuu wa kituo chetu cha utafiti, hapa chuo kikuu Kolwezi, hakubali ripoti yoyote ifike serikalini kabla ya waliohojiwa kusomewa. Akienda kwa akina mama wanaoosha madini mtoni, huvua viatu, huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusoma kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari. Wakimkatiza hucheka, hurekebisha, huendelea. Juzi mshauri mmoja wa serikali ya jimbo alikuja ofisini kumtaka afute katika ripoti maneno kuhusu vidonda vya watoto wa akina mama hao. Mkuu hakupandisha sauti; alimwita “Tata”, yaani baba, kwa heshima.

“Tata, ile maneno si yangu, ni ya bale bamama. Kama unataka tufute, twende mutoni, ubaombe weye mwenyewe.”

Akainama, akaanza kuvua viatu palepale. Nasi wote wa kituo, hata dereva, tukainama kuvua vyetu.