Nilimsingizia jogoo kuvunjika kwa ndoa yangu

Kosa ni langu, kuku hahusiki. Naanza hivyo kwa sababu hapa mtaani kwetu Kasulu wapo watu mpaka leo wanaamini mke wangu alikimbia kelele za jogoo. Uongo huo niliutunga mimi, watoto wakausambaza.

Mimi na mama yao tulikuwa tumeshachokana. Wazee wa pande zote walikaa, wakasuluhisha, wakanywa soda zetu, ikashindikana. Akarudi kwao Kitanga. Tulikubaliana watoto wabaki kwangu mpaka shule zifungwe, na niwaambie ukweli. Nikaapa. Mimi ninayebishana na wanunuzi wa maharage sokoni kutwa nzima, nishindwe na watoto wawili?

Nilishindwa. Asubuhi tukinywa uji, binti yangu wa darasa la nne akauliza, "Baba, mama ameondoka kwa nini?" Jogoo akawika pale dirishani, nami nikadakia hapo hapo: "Mama yenu hapati usingizi. Kelele za huyu jogoo zimemshinda."

Walinielewa haraka sana. Nikajiona bingwa.

Jioni narudi, jogoo hayupo. Watoto wamempeleka zawadi kwa jirani yetu muuza vitumbua, naye hakuuliza mara mbili. Harufu ya mchuzi niliisikia nikiwa bado barabarani. Kesho yake bata wetu nao wakahamishiwa huko huko.

Mama hakurudi. Yule mdogo, wa kiume, wa darasa la kwanza, akanitazama kwa huruma: "Baba, na wewe unakoroma." Siku iliyofuata nikakuta godoro langu limehamishiwa jiko la nje, kando ya kuni. Nililala huko huko.

Nyumba ikatulia. Watoto wakawa wanatembea kwa kunyata, wananong'ona, hata sufuria wanaitua taratibu. Nikawasifia kwa majirani kwamba wangu wana adabu. Mjinga mimi!

Kumbe binti alichukua simu yangu akampigia mama yake: "Mama, jogoo tumemtoa, bata tumewatoa, baba analala jikoni. Na sisi siku hizi hatupigi kelele. Rudi."

Mama yao akaja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. "Yewe! Mwanaume mzima unamsingizia kuku?"

Akawakalisha mkekani, nami nikakaa. Akawaambia kwamba baba na mama tumeshindwa kuishi pamoja, hatutarudiana, ila kila mmoja atabaki mzazi wao. Likizo watakuwa Kitanga. Mimi nikaongeza kwamba habari ya jogoo niliitunga kwa woga. Ilikuwa vigumu, lakini hakuna aliyekufa.

Mdogo akauliza kwa kunong'ona, "Kwa hiyo siyo sisi?"

Nililia. Nililia mbele ya watoto, mbele ya mama yao, na mbele ya jirani muuza vitumbua aliyekuwa mlangoni akirudisha bakuli letu. Mama yao akamshika mtoto akamwambia siyo nyinyi, hata kidogo, akarudia mpaka mtoto akaitikia kwa sauti.

Ndugu zangu mnaoachana, msijidanganye kwamba mtoto ukimpa sababu ya uongo atanyamaza nayo. Ataifanyia kazi. Wangu waliondoa jogoo, wakaondoa bata, wakaniondoa mimi. Na mtoto akiishiwa vitu vya kuondoa, anaanza kujiondoa mwenyewe.