Minazi ya Babu Kule Utange

Harufu ya mbata inayokaushwa kwa moshi wa makumbi ya nazi ndiyo iliyotupokea kila likizo, kabla hata hatujaliona jumba kuukuu la mawe la mwenye shamba. Shamba hilo la Utange lilikuwapo kabla hajazaliwa yeyote aliyekuwa hai. Ardhi ilikuwa ya bwana mmoja wa mjini, lakini minazi ilikuwa ya walioipanda, na babu alikuwa na arobaini na mitatu. Kila nikifika kutoka Changamwe niliizunguka yote nikiigusa, magome yakinikwaruza viganja.

Likizo ya mwisho, karibu na uhuru, nilikuwa na miaka tisa. Babu alikuwa amefariki, na nyanya alikuwa ndani akikaa eda. Baba alikwisha rudi kazini bandarini. Asubuhi moja akaja karani wa mwenye shamba: shamba linauzwa, na kila mwenye minazi asimame chini ya miti yake aandikwe jina. Asiyeonekana, miti yake itakwenda na ardhi.

Nikasimama mimi. Mzee Bakari, jirani yetu, akacheka. "Andika, karani! Mwenye minazi ndiye huyu, kang'oka meno juzi."

"Mtoto haandikwi," karani akasema. "Mwiteni mkubwa."

Nilikimbilia ndani. Mzee Bakari akanifuata, akaita kutoka nje ya dirisha, "Shemeji, toka. Kwa dharura inaruhusiwa, wallahi."

"Nitoke mbele ya wanaume?" nyanya akajibu. "Watu waseme nimekimbilia minazi, mwenyewe hajapoa kaburini?"

"Watasema siku mbili, watachoka."

"Abadan."

Nilimvuta mkono nikilia. Aliniondoa vidole kimoja kimoja, akarudi kwenye msala wake. Nje, karani aliipita miti yetu bila kuinua kalamu.

Eda ilipokwisha nyanya alihamia chumba chetu Changamwe, akafa humo bila kuitaja Utange hata mara moja. Mimi nimekaa Malindi, Voi, Tanga, Lamu, kila mahali miaka miwili mitatu, kisha nafunga mizigo. Nimepita miaka arobaini na sijapanda hata mpapai. Mwaka jana nilikwenda Utange. Palipokuwa na minazi yetu pana ukuta mrefu na lango la chuma. Bawabu, kijana mwenye adabu, akaniamkia.

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani humu?"

Nilitafuta jina la kumpa. Sikulipata, nikarudi barabarani.