Bampa Ambalo Halikupinda

Harufu ya makaa na chuma chekundu hunirudisha Igamba, mwaka ule wa mvua nyingi baada ya vita. Baba yangu alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, lakini majembe ya dukani yalikuwa yamemnyang'anya wateja, na siku nyingi alikaa tu mbele ya mivukuto isiyopuliza moto. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa dereva wa lori la kahawa. Alipoleta bampa lililopinda kwa kugonga kisiki, Baba alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyeitwa tena kazini.

Malori ya zamani, mjomba alitueleza, hayakuwa na bampa. Kilichogongwa kiligongwa na pua. Baadaye yakafungiwa boriti, kisha chuma chembamba juu ya springi. Springi hizo Baba aliziona udhaifu. Alizing'oa, akaongeza pande la pili la chuma, akalikaza bampa lote moja kwa moja kwenye fremu ya lori.

"Shemeji, mbona halichezi?" mjomba aliuliza, akilisukuma kwa goti.

"Uliniletea chuma au mkia wa mbuzi?" Baba alijibu. "Hili halipindi mpaka uzeeke."

"Basi nikigonga ng'ombe wa mtu, kesi utaijibu wewe."

Walicheka. Nami nikapanda lori hilo, nikienda kwa bibi.

Mteremkoni tulisererekea kwenye tope, taratibu tu, tukagonga kichuguu. Mimi nilikuwa nyuma, magunia ya kahawa yakanipokea. Mjomba alipokewa na usukani. Mbavu zilivunjika, pumzi ikabaki fupi, hakuendesha tena. Baba alikuja kwa miguu, akapitisha kiganja juu ya bampa kutoka ncha hadi ncha.

"Halikupinda," alisema kwa sauti ndogo. Chuma kilikuwa kimekataa pigo, na pigo likamtafuta mtu.

Siku hizi magari yaendayo Tunduma yana mabampa membamba ya kung'aa. Baba amezeeka, mgongo unamuuma, lakini kila msimu hulima shamba la mjomba kabla ya lake, bila kuombwa. Mwezi uliopita dereva kijana aliyekuwa akimtafuta mhunzi alisimama kando ya shamba hilo.

"Shikamoo mzee. Nimegonga mti. Ninyooshee bampa, uniongezee na chuma. Haya ya sasa ni karatasi tupu."

Baba alimtazama kifuani. "Wewe uliumia?"

"Sikuumia."

"Basi liache hivyo," alisema, akainama tena kupalilia.